Umeme ukikatika Texas, jiko la mkaa libaki nje

Wandugu mlioko Houston, Dallas na kwingine huku Texas, naombeni mnisome hata kama mnaona habari ya umeme kukatika hatuhitaji kufundishwa na mtu. Ni kweli tumekulia kwenye mgao, mama anaikuta kandili gizani bila kupapasa, na wenzetu wa Kenya stima ikipotea hata watoto hawashtuki. Ila mazoea hayo ndo yananitia hofu, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu zina matundu juu ya dirisha na upepo unapita, ila hizi za Texas zimezibwa kila upande joto lisitoke, na hewa chafu nayo haitoki.

Februari 2021, wakati wa ile baridi kali, nilikuwa Houston. Usiku wa kuamkia tarehe 15 wakaanza kukata umeme, tukaambiwa ni kwa zamu, zamu yenyewe kwetu ikawa siku tatu. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikuwa gizani, na Texas ina gridi yake iliyojitenga karibu yote na majimbo mengine, kwa hiyo hata kuazima umeme wa kutosha kwa jirani haikuwezekana. Ndani tulikuwa tunaona pumzi zetu. Siku ya pili jirani yetu, mama mmoja wa Goma, akawasha jiko la kuchomea nyama nje kwenye baraza, akasubiri moshi uishe kabisa kama tunavyofanya wote, mkaa ukawa mwekundu mzuri, akaliingiza sebuleni akafunga mlango. Watoto wakapata joto wakaanza kusinzia, yeye akajua ni uchovu wa kukesha. Kijana wake mkubwa akaanza kutapika, akatoka nje mbio, mama akamfuata na magoti hayana nguvu, hapo ndo akaelewa akarudi kuwabeba wadogo. Walipona wote, nashukuru Mungu. Jimbo lilihesabu vifo 246 kwa baridi ile, na baadhi ya waliokufa waliuawa na hewa hiyohiyo ndani ya nyumba zao.

Hiyo hewa inaitwa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa ulioshika vizuri usio na moshi hata kidogo bado unaitoa. Kwa hiyo kusubiri moshi uishe hakusaidii kitu. Jiko la mkaa lisiingie ndani, wala gereji, wala usilikokee dirishani. Jenereta ikae nje mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na gari usiliwashe ndani ya gereji hata kama geti liko wazi. Jiko la gesi ukiwa nalo pikia chakula tu, usilifanye hita. Mkiwa ndani na watu wawili watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, msidhani ni mafua, tokeni wote kwanza halafu pigeni 911, na Kiingereza kikigoma sema tu "Swahili", vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Na nunua kengele ya hewa hiyo, ya betri, uiweke karibu na vyumba vya kulala. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo, pawabenki itasubiri.

Joto la kweli mtalipata kwa kukaa chumba kimoja, familia nzima, milango imefungwa, taulo chini ya mlango, godoro sakafuni, soksi na kofia hata usingizini, yaani mbanane.

Maji nayo msiyasahau maana mabomba yakiganda yanapasuka, na huwa unagundua baridi ikipungua, dari inaanza kumwaga. Baridi kali ikitangazwa acha koki zidondoshe kidogokidogo, fungua makabati ya chini ya sinki, na leo hii kabla ya shida kajue koki kubwa ya kufunga maji ya nyumba iko wapi. Jaza beseni la bafuni kwa ajili ya choo. Ya kunywa weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku.

Friji ukiiacha imefungwa inatunza chakula kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, ikiwa nusu ni 24. Mimi nagandisha glasi ya maji, naweka sarafu juu ya barafu, narudisha friza. Nikirudi nikakuta sarafu imezama chini ya glasi najua iliyeyuka ikaganda tena, basi nyama na samaki wote natupa, inauma lakini natupa.

Mwenye mgonjwa wa mashine ya oksijeni au dawa za kutunzwa kwenye friji kama insulini, ongea na daktari mapema ajue mtafanyaje, kuna fomu anayosaini inapelekwa kwa kampuni ya umeme, ila haikuhakikishii kwamba hawatakukatia, so panga pa kumhamishia. Piga 211 uulize sehemu za kujihifadhi, hata wakati wa joto, maana Julai 2024 kimbunga Beryl kiliacha wateja zaidi ya milioni 2 eneo la Houston bila umeme na jua lile mnalijua.

Simu sasa. Betri nyingi zinaisha kwa kuwajibu ndugu wa nyumbani mmoja mmoja. Chagua mtu mmoja Dar au Nairobi, dada au shemeji, umtumie meseji ya kawaida asubuhi na jioni, yeye ndo awaambie wengine, na mkumbushe majira ya baridi sisi tuko nyuma yao saa 9, ukikaa kimya mchana wao asianze kulia, labda umelala.