Mkague mtoto, kisha ikague nyumba: wiki 6 hadi miaka 2

Kadi ya kliniki ina tarehe ambazo mzazi hazisahau: chanjo za wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Kila tarehe ifanyie kazi mbili. Angalia mtoto anaweza nini sasa, halafu kabla ya kulala ondoa kile atakachokifikia mwezi ujao. Mtoto hatoi taarifa kwamba kesho atatambaa.

Aliyezaliwa njiti punguziwa wiki alizowahi, hadi atimize miaka 2. Aliyewahi miezi 2, akiwa na miezi 6 mpime kama wa miezi 4.

Hatua ya 1: wiki 6 hadi miezi 4
Mtoto akiwa ameshiba na yuko macho, sogeza uso wako kiasi cha sentimita 30 na uongee naye. Kufikia wiki 8 hivi anapaswa kukurudishia tabasamu. Miezi 4, ukimkalisha, shingo iwe imekaza.

Nyumbani alale chali, bila mto. Usimwache peke yake kitandani hata kama hajawahi kugeuka. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani, usiliingize. Mkaa uliokolea usiotoa moshi bado hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo huua watu usingizini.

Hatua ya 2: miezi 6 hadi 9
Mpe kijiko upande wa kulia, kisha wa kushoto. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, mwambie muuguzi, kwa maana mkono wa pili huenda ni dhaifu. Mwite ukiwa nyuma yake, asikuone: je, anageuka? Miezi 9 awe anakaa bila kushikwa na kutoa sauti kama “bababa”.

Sasa kila kitu kinaenda mdomoni. Okota sarafu, vifungo na betri bapa za rimoti. Betri ikikwama kooni huunguza ndani ya saa chache, hivyo ni hospitali mara moja. Zabibu usimpe nzima: ipasue kwa urefu vipande vinne, utoe mbegu. Karanga nzima zisubiri hadi miaka 5. Za kusaga kwenye uji au mlenda hazina shida hiyo.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipotoa sauti na yuko chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia. Usichokonoe koo kama hukioni kitu, utakisukuma ndani zaidi.

Hatua ya 3: anapotambaa na kusimama dede
Ndoo za maji ya mgao ndizo hatari isiyoogopwa vya kutosha. Kichwa cha mtoto ni kizito. Akichungulia hutumbukia na hawezi kujinyanyua, na sentimita 5 za maji zinatosha. Ndoo na pipa vifungwe kwa kifuniko kinachobana. Beseni limwagwe mara tu mnapomaliza kufua.

Jiko lizungushiwe kizuizi, na chupa ya chai isikae juu ya kitambaa cha meza anachoweza kukivuta. Akiungua, mmwagilie maji ya kawaida dakika 20 mfululizo, kwa kikombe kama bomba halitoki. Dawa ya meno, yai na asali huongeza uchafu kwenye kidonda.

Hatua ya 4: miezi 12 hadi 24
Miezi 18 awe anatembea, anakuonyesha vitu kwa kidole na ana maneno machache. Asipofanya hivyo, omba rufaa. Aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, iwe kuongea au kushika, apelekwe leo, asisubiri tarehe ya kadi.

Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mizabibu visiwekwe kamwe kwenye chupa za soda au maji. Vifungie kwa kufuli. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala kumpa maziwa: akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Mvue nguo zilizolowa, chukua chupa yenyewe, mkimbilie hospitali.