Kutundika turubai za wachoraji Waaborijini, tangu bombani hadi ukutani

Turubai nyingi (vitambaa vilivyochorwa) za Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, hutoka vituo vya sanaa vya huko zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba. Likifika, liache saa 24 kwenye chumba cha maonyesho kabla ya kulifungua: rangi ya akriliki iliyopoa chini ya nyuzi 10 hukakamaa na kupasuka, na ikipata joto kali hunata. Upande wenye rangi unatakiwa uwe nje. Ukiwa ndani, rangi hubanwa na kufanya mikunjo.

Laza turubai kifudifudi juu ya karatasi safi isiyo na asidi. Pima fremu ya mbao kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imepinda, irekebishe kwanza. Piga pini katikati ya kila upande, kisha endelea kwa jozi zinazotazamana kuelekea kwenye kona, kila sentimita 5 hivi. Ukianzia kwenye kona, kitambaa huvutika vibaya na mistari ya nukta huenda mshazari. Ziada ya pembeni ikunje tu, usiikate, kwani mara nyingi namba ya kituo huandikwa huko au mgongoni.

Juu ni wapi? Picha nyingi za jangwani huchorwa zikiwa chini, mchoraji akiketi na kuzizunguka, na nchi huonekana kama inatazamwa kutoka angani. Fuata cheti cha picha au uulize kituo. Kugeuza picha ili ienee ukutani ni ufidhuli.

Kitovu cha picha kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, mwanga usizidi luksi 200 (kipimo cha mwanga), jua lisiiguse.

Mpangilio ndio huharibiwa zaidi, kwa sababu watu hupanga picha kwa kufuata mwaka wa kuchorwa. Chukua mchoraji Sally Gabori, wa jamii ya Kaiadilt ya kisiwa cha Bentinck, kaskazini mwa Australia. Watu wake walihamishiwa kisiwa cha Mornington mwaka 1948, naye akaanza kuchora mwaka 2005 akiwa na miaka themanini na kitu. Picha zake ni za mahali: Thundi ni nchi ya baba yake, Makarrki ya kaka yake, Dibirdibi ya mumewe. Weka kila mahali na ukuta wake, na ramani ya kisiwa mlangoni. Hapo mgeni ataona ukoo, si rangi tupu.

Kwenye lebo, andika jina lote. Mchoraji Clifford Possum Tjapaltjarri ni baba wa mchoraji Gabriella Possum Nungurrayi, na hakuna kosa hapo: kwa utaratibu wa ukoo, binti wa Tjapaltjarri huwa Nungurrayi, na mwana wa kiume huwa Tjungurrayi. Usilifanye jina hilo la mwisho kuwa la familia. Watu wengi wasio ndugu wa damu wanalo.

Mchoraji akiwa amefariki, uliza kituo kama familia inaruhusu jina na picha ya sura yake vionyeshwe. Tangazo la tahadhari kwamba ndani kuna jina au sura ya marehemu likae nje ya mlango, maana ndani mtu ameshaona. Na hadithi ya mchoro iandike kama kituo kilivyoituma, bila kuongeza neno. Nyingine hazisimuliwi kwa wasiohusika.