Kabla hujanunua kamera yenye sura ya kizamani, itembeze Bagamoyo

Kamera ya kwanza kuishika maishani ilikuwa Nikon FM2 ya mjomba wangu, ile iliyotoka mwaka 1982, ambayo shata yake, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inafyatuka hata betri ikiisha. Kwa hiyo Nikon Zf ilipotoka mwaka 2023 imevaa sura ileile, moyo ulinienda mbio. Hata hivyo sikuinunua papo hapo. Niliikodi Dar es Salaam kwa siku mbili, pamoja na Fujifilm X-T5, nikarudi nazo nyumbani Bagamoyo. Nawe ukodi kama unaweza. Kama haiwezekani, mwombe mwenye duka akuache usimame nayo mlangoni nusu saa. Hizi mirolesi, yaani kamera zilizoondolewa kile kioo cha ndani, nyingi zinatoa picha safi. Utakachokijutia au kukifurahia kipo mkononi.

Anza kamera ikiwa imezimwa. Itazame kwa juu, ujiulize: naweza kusoma spidi ya shata, ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) na fidia ya mwanga (kuifanya picha ing'ae au ififie zaidi) bila kuiwasha? Ndiyo faida kubwa ya magurudumu haya yaliyo juu ya kamera, mengine ni urembo. Kwenye X-T5, ukitaka kamera ikuchagulie spidi, unalizungusha gurudumu lenyewe hadi kwenye A, na jicho linaona. Zf ina kiwiko kidogo chini ya gurudumu la ISO cha kuchagua namna ya kupiga. Kikiwa kwenye A, ambapo kamera yenyewe inachagua spidi, gurudumu la shata linaweza kusomeka 1/4000 huku kamera inapiga kwa 1/60. Zf ni kamera nzuri sana, lakini gurudumu linaloniambia jambo lisilo kweli linanivuruga. Ukiichukua, izoeze kwenye M, ambapo unaweka kila kitu mwenyewe, hapo inakuwa ndugu halisi wa FM2. Kagua na lenzi pia: lenzi nyingi za XF, zile za Fujifilm, zina pete yenye namba za f, yaani upana wa tundu la mwanga, ila ile ya 18-55 ina pete isiyo na namba hata moja.

Kisha ipeleke soko la samaki asubuhi. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mashua zinaingia jua likiwa nyuma yake. Mvuvi anakuwa kivuli, tanga linawaka, maji yanameta, vyote ndani ya picha moja. Kipimo cha mwanga kinaona ule mng'ao na kuifanya picha nzima kuwa nyeusi. Weka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, uongeze fidia hadi +1 kwa kidole gumba, jicho lisitoke. Ukilazimika kushusha kamera ili ulitafute gurudumu, mashua imeshapita. Rudia zoezi hilo vidole vikiwa vimelowa maji ya bahari, kwa sababu huku vitalowa.

Gurudumu hilo la fidia halina kufuli kwenye kamera zote mbili, na mkoba hulizungusha. Yalinikuta kwa mama mmoja anayekaanga samaki pale sokoni.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha ukiwa unageuza samaki."

"Marahaba mwanangu. Piga, lakini unioneshe."

Nikapiga tatu. Akafuta mikono kwenye kanga, akainamia skrini. "Mbona sionekani? Naona moshi tu."

Nikatazama juu ya kamera, gurudumu limekaa kwenye -2. Nikalirudisha hadi +1 mbele yake, nikapiga tena, na mara hii jasho la kwenye paji la uso likaonekana tone kwa tone. Tangu siku hiyo napapasa gurudumu hilo kila ninapoitoa kamera mkobani. Nawe unapojaribu kamera, isugue na kitambaa cha mkoba uone kama linahama.

Uzito usiuamulie dukani. Zf ina gramu 710 ikiwa na betri na kadi, X-T5 ina 557, na FM2 ya mjomba ilikuwa kama 540 hivi. Kwa mbele Zf ni karibu bapa, pa kukamatia ni padogo. Nilitembea nayo hadi magofu ya kale ya Kaole, kama kilomita 5, na nilipofika vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinauma. Ningeongeza kishikio cha pembeni, na gharama yake ningeihesabu mapema.

Lakini pale Kaole, saa sita mchana kwenye yale makaburi ya mawe ya matumbawe, Zf ilinishinda kwa hoja. Ina kiwiko cha kuhamia picha nyeusi na nyeupe chini ya gurudumu la shata. Ukikisukuma, unaona magofu bila rangi ndani ya kitundu kabla hujapiga. Jua kali linalochosha rangi ghafla likawa na kazi: jiwe jeupe, kivuli cheusi, basi.

Kama una lenzi za zamani, nenda nazo. Adapta ya FTZ, yaani pete ya kuunganishia, inapokea lenzi za Nikon za F, zile za kamera zake zenye kioo, kwenye Zf, ila zile zisizo na mota ndani yake utafokasi kwa mkono. Kuza picha kwenye kitundu, ulenge kope, siyo pua.

Chumvi na mchanga nisivipambe. Kinga dhidi ya vumbi na maji haina maana lenzi isipokuwa nayo, na kwa Fujifilm tafuta herufi WR, alama ya kinga hiyo, kwenye jina la lenzi. Usibadilishe lenzi ufukweni, maana bila kioo sensa iko wazi kwa upepo. Ukirudi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Kipimo changu cha mwisho ni karatasi. Chagua picha moja ya mtu, kama ilivyotoka kwenye kamera bila kuigusa, ukaisafishe. Kwenye X-T5 nilikuwa nimepiga kwa Classic Chrome, mtindo wa rangi uliomo ndani ya kamera, nayo iliipausha kanga ya yule mama hadi nyekundu ikawa ya matofali; ya mtindo wa Provia ilirudisha rangi na ngozi yake ikabaki na joto. Hiyo ndiyo niliyompelekea. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya mafuta, akaichomeka kwenye mkoba wake wa hela, akaniuliza kama nitakuja tena Ijumaa mabinti zake wakiwepo.