Kuunganisha mbao ubavu kwa ubavu: randa kwanza, gundi baadaye

Uso wa meza ukiachana kwenye maungio, wengi huilaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Fundi aliacha mwanya, akauziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa, mteja akachukua mzigo wake. Gundi nyeupe hushika pale mbao zinapogusana. Kuziba mwanya si kazi yake.

Tafuta randa ndefu kadiri uwezavyo. Ya inchi 22 huvuka mabonde na kula vilima tu, ilhali fupi hupanda na kushuka pamoja na ubao. Uwe pia na skwea, kinoo, jiliwa (kibano cha mezani) na klempu tatu au zaidi.

1. Noa kisu cha randa mpaka kinyoe nywele za mkono. Kitokeze kidogo tu.

2. Panga mbao jinsi zitakavyokaa, kisha chora pembetatu moja kubwa inayozivuka zote. Zikichanganyika, pembetatu itakuonyesha.

3. Kunja mbao mbili zinazopakana kama kitabu, zibane kwenye jiliwa, urande kingo zote mbili kwa pamoja. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Randa ikikulalia upande, ukingo mmoja utatoka na pembe ya nyuzi 88 na wa pili 92. Ukizifungua, jumla ni 180 na uso unakaa sawa. Randa ikichana badala ya kukata, unakwenda kinyume cha nyuzi za mbao: geuza.

4. Ukianza, kandamiza mbele ya randa. Ukimaliza, kandamiza nyuma. Usipofanya hivyo ncha zitaliwa.

5. Simamisha ubao mmoja juu ya mwenzake, utazame mwanga kwa nyuma. Wa juu ukizunguka kama pia, katikati kuna kilima. Mwanya wa unene wa karatasi katikati hauna neno, klempu itaufunga. Mwanya kwenye ncha, rudia.

6. Paka gundi, bana, klempu moja juu na nyingine chini kwa zamu ili uso usipinde. Acha hadi kesho.

Maswali

— Fundi, mashine ya kuranda haitoshi?
Hunyoosha vizuri, lakini huacha mawimbi madogo. Malizia kwa randa ya mkono, mara moja au mbili.

— Msaji wangu haushiki gundi kabisa.
Una mafuta, kaka. Randa upya, futa kwa spiriti, ikikauka tu upake gundi siku hiyohiyo.

— Niko Likoni, Mombasa. Mvua za Mei meza yangu imevimba katikati, lakini maungio ni mazima.
Umeufunga uso kwa skrubu bila nafasi. Mbao hutanuka kwa upana zikinywa unyevu. Legeza skrubu, refusha matundu kuelekea upande wa upana. Usirande sasa, ngoja upepo wa kaskazi uukaushe kwanza.