Kufunga taa za LED za kuoteshea miche ndani bila kung'atwa na umeme

Juzi nilikuwa Mtwara mjini kwa mama mdogo, pale Chikongola, nimeenda kwa shughuli nyingine kabisa, nikamkuta kajifungia taa mwenyewe kwenye shelfu ya chuma anayooteshea miche ya hoho na giligilani. Dirisha la chumba linatazama ukuta wa jirani, na nje mbuzi na kuku hawamwachii jani, ndo maana kaamua kuotesha ndani. Wazo zuri sana. Ila taa zote kazitundika kwenye adapta ya kisimbuzi, ile nyeusi ndogo ya ampia moja na nusu, plastiki imeshaanza kulainika na chumba kinanuka, halafu viungo vya waya kavizungushia selotepu ya kufungia zawadi. Tukafumua yote tukaanza upya. Kazi yenyewe ni ya nusu siku, mimi imenichukua siku mbili kwa sababu ya hatua ya 5, kwa hiyo ukiwa na haraka nenda kasome hiyo kwanza. Na kama una baraza linalopata jua basi usijisumbue, jua la kusini halina bili.

Hatua ya 1: taa

Nunua mkanda wa LED wa volti 12, mweupe. 4000K au 6500K, yaani namba za rangi ya mwanga, zote zinaotesha miche vizuri. Zile za zambarau mimi sizipendi, ukikaa nazo chumba kimoja macho yanachoka na huwezi kuona jani limeanza kuwa la njano maana kila kitu kinaonekana cheusi.

Kitu ambacho sikubali hata kwa kubembelezwa ni zile chipu za mraba zilizoandikwa 220V, zisizotaka pawa saplai (kile kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani kuwa volti 12), unaleta waya za ukutani unaziunga moja kwa moja kwenye bati la taa. Najua zinawaka kama jua na ni rahisi. Lakini umeme wa volti 230 uko pale juu wazi kwenye vidoti vya risasi, kinachoutenga na bati la nyuma ni utando mwembamba tu, na wewe hilo dude unataka kulining'iniza juu ya majani unayoyapulizia maji kila asubuhi. Mteja akiniletea namrudishia.

Hatua ya 2: hesabu

Mkanda wa kawaida wa 5050 (ndiyo saizi ya kila kitaa) wenye taa 60 kwa mita unakula wati 14.4 kwa mita. Shelfu ya mama mdogo ina ngazi mbili, kila ngazi vipande viwili vya sentimita 120, jumla mita 4.8, yaani kama wati 69. Gawa kwa 12 unapata karibu ampia 6. Sasa unaona kwa nini adapta ya ampia 1.5 iliyeyuka. Pawa saplai usiiendeshe kwa nguvu zake zote, iachie nafasi kama robo hivi, sisi tulichukua ya wati 100 yenye bati lenye matundu.

Hatua ya 3: kata na unga

Kata kwenye alama, chomelea risasi, chanya kwa chanya. Kila kipande kiwe na waya wake kutoka pawa saplai, usiunge kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kitafifia. Zile klipu za kubana achana nazo huku pwani, chumvi ya baharini ikiingia shaba inakuwa ya kijani, mguso unalegea, pale pale panaanza kupata moto. Ukishachomelea funika kwa mpira wa kusinyaa. Mkanda ubandike kwenye kipande cha aluminiamu, ukibandika kwenye mbao joto halina pa kwenda. Na kwenye waya wa chanya, karibu na pawa saplai, weka fyuzi ya ampia 7.5 kama ya gari.

Hatua ya 4: pawa saplai na plagi

Kahawia kwenye L (laini, ndio wenye umeme), bluu kwenye N (nyutro, wa kurudisha), kijani na njano kwenye alama ya eathi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya uwe wa nyuzi tatu, USITUMIE ule wa nyuzi mbili wa redio hata kama ndo upo nyumbani. Kwenye plagi toa fyuzi ya 13 weka ya 3. Halafu chungulia pembeni ya pawa saplai, nyingi zina kiswichi chekundu cha 115 na 230 kilichojificha ndani ya tundu, kinasogezwa kwa bisibisi nyembamba. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio na hela imekwenda.

Hatua ya 5: eathi

Hapa sasa. Tumemaliza, nimechomeka, taa zimewaka safi. Mama mdogo akashika shelfu asogeze trei, akarusha mkono.

"Mwanangu, hiki chuma kinaning'ata."

Nikamwambia labda ni ubaridi wa maji mama.

"Ubaridi gani? Mimi shoti siijui?"

Nikagusisha testa kwenye chuma, ikawaka. Nikajua nimebana waya mahali. Nikafumua viungo vyote, nikapima kati ya bati na waya wa kahawia, hakuna mguso. Nikarudishia, testa inawaka. Nikalaumu pawa saplai, nikaenda mjini kununua nyingine, mpya kabisa kwenye boksi, nayo inawaka vilevile. Jioni nimechoka njaa inauma ndo nikakumbuka kuzima meni swichi na kufungua soketi yenyewe. Waya wa kijani na njano umekatwa mfupi ukakunjwa nyuma, haujafungwa popote. Soketi ina matundu matatu, plagi ina pini tatu, eathi hakuna.

Iko hivi. Ndani ya pawa saplai za aina hii kuna kapasita ndogo, vidude vinavyopitisha umeme kidogo sana, kati ya waya za umeme na bati, zinapunguza kelele za umeme, na zimewekwa kwa kutegemea kwamba eathi itabeba kile kidogo kinachovuja. Eathi isipokuwepo bati linaelea kwenye kama nusu ya umeme wa ukutani, multimita yangu ilisoma 110 na ushee. Mkondo wake ni mdogo, unang'ata tu. Balaa ni siku ile kitu kitakapoungua ndani na laini ikagusa bati kweli, hapo haung'ati, unashika, na wewe mikono ina maji na uko peku kwenye sakafu.

Kwa hiyo kabla hujafunga chochote pima soketi. Laini na nyutro isome kama 230, laini na eathi isome karibu sawa na hiyo, nyutro na eathi isome sifuri au volti chache. Lakini multimita inadanganya, eathi iliyoshikilia kwa unyuzi mmoja bado itasoma vizuri, jibu la uhakika anakupa fundi mwenye kipimo cha eathi. Mimi ni fundi wa vifaa siyo wa nyumba, kwa hiyo tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akakuta na nondo ya eathi nje imeliwa na kutu pale inapoungana na waya. Mchanga wetu huu ukikauka kiangazi haushiki umeme vizuri, akaongeza nondo nyingine akaizamisha zaidi.

Kuna fundi atakwambia unga tu eathi na nyutro ndani ya plagi, kung'ata kutaisha. Kweli kutaisha. Siku nyutro ikikatika huko nje, shelfu nzima inakuwa na 230. Mkatalie.

Na usijifariji kwamba breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30 inatosha peke yake. Iweke, ni nzuri, ubonyeze kile kitufe cha T mara moja moja uone kama inakatika, ila bila eathi itakatika pale umeme utakapopita kwako.

Mwisho shelfu yenyewe: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga waya wa kijani na njano kwa boliti mpaka kwenye alama ya eathi ya pawa saplai. Tulipomaliza testa ikabaki kimya.

Hatua ya 6: kuweka na kuwasha

Pawa saplai ukutani, juu kuliko maji yanakoweza kuruka, isiwe chini ya trei na isifungiwe kwenye ndoo ya plastiki, inataka hewa. Waya unaokwenda kwenye taa uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda, maji yakiufuata yadondokee pale. Washa nusu saa, zima, chomoa, pitisha mkono kwenye viungo. Cha moto kichomelee upya.

Taa iwe sentimita 20 hadi 30 juu ya miche, masaa 14 kwa siku kwa taima. Mama mdogo taima hataki, anasema atawasha akiamka alfajiri na kuzima taarifa ya habari ikianza, na kumwagilia ni baada ya kuchomoa plagi, hilo amelikubali.