Mashuka kwa Joto la Pwani: Namna ya Kupima Kitambaa na Mshono Kabla ya Kulipa

Anayelala Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hana haja kubwa na shuka linalong'aa. Haja yake ni shuka linalonyonya jasho na kuliachia likauke kabla mwili haujaanza kunata. Mimi hushona mashuka ya kuuza, na wateja wengi hutanguliza swali la rangi. Hapa tutatanguliza godoro.

Hatua ya kwanza: pima godoro lenyewe. "Tano kwa sita" hutaja upana na urefu tu, ilhali unene ndio unaofanya shuka lichomoke usiku. Godoro la futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Likiwa na unene wa inchi 8, ongeza inchi 16 za kushuka pande zote mbili, kisha inchi 16 nyingine za kuchomekea chini, nawe utapata shuka la inchi 92 kwa 104. Pamba ambayo haijawahi kufuliwa inaweza kusinyaa kwa asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo anayenunua kipimo kamili bila ziada atalikuta shuka limepungua inchi tatu au zaidi baada ya kulifua.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: hakikisha kitambaa ni pamba. Maandishi ya kwenye mfuko hayatoshi, kwa kuwa poliesta laini huuzwa mara nyingi kama pamba, na mkono peke yake hudanganyika. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa upesi, bali poliesta mara nyingi huliacha likikaa juu au likitambaa pembeni. Kipimo hiki kina kasoro moja, kwani kitambaa kipya chenye wanga wa kiwandani huweza kuchelewa kunyonya hata kikiwa pamba tupu. Kwa sababu hiyo mwombe muuzaji nyuzi chache za pindoni, uziwashe juu ya kisahani cha bati, mbali na bidhaa zake. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na ikipoa huacha kidonge kigumu. Ukiona jivu na vidonge pamoja, huo ni mchanganyiko, ambao haukunjamani sana na hukauka haraka, lakini nyakati za joto hauifikii pamba.

Hatua ya tatu: tazama ufumaji. Shuka ambalo uzi wake hupita juu ya mmoja na chini ya mmoja huwa kavu mkononi na hupitisha hewa vizuri. Hilo ndilo ninalolipendekeza kwa pwani. Ufumaji wa satini, ambao uzi huruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, hutoa ulaini na mng'ao, lakini huhifadhi joto zaidi na huwafaa walio Iringa au Limuru. Kuhusu idadi ya nyuzi kwa inchi ya mraba, 200 hadi 400 inatosha kabisa. Namba kama 1,000 mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu kila uzi mwembamba uliosokotwa ndani ya uzi mmoja, na mnunuzi hulipia hesabu hiyo.

Hatua ya nne: kagua mshono. Kitambaa chenye upana mdogo huungwa katikati ili kupata upana, na kiungo hicho hukwaruza mgongo, hivyo litafute shuka la kipande kimoja. Kama lina mpira pindoni wa kubana godoro, mpira huo uzunguke pande zote; ule wa kwenye pembe tu hauwezi kushikilia godoro nene.

Mwisho, lifue kabla ya kulitandika, ili wanga na rangi iliyozidi vitoke, na lenye rangi kali lifuliwe peke yake.

Fedha isipotosha seti nzima ya pamba, nunua pamba kwa shuka la kutandika na foronya, kwa kuwa ndizo zinazogusana na jasho usiku kucha. La kujifunika linaweza kuwa la mchanganyiko.