Kupunguza mpindo katika mashine ya CNC ya kujitengenezea: pima kwanza, chuma baadaye

Duara la milimita 100 nililolichonga kwenye ubao wa mninga lilitoka na kipenyo cha milimita 100.1 upande mmoja na 99.2 upande wa pili, na kingo zake zilikuwa na mawimbi ambayo ukiyapitishia ukucha unayahesabu. Mashine yenyewe, CNC (yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), nilikuwa nimeiunda kwa plaiwudi ya milimita 18, daraja lake, yaani sehemu inayovuka juu ya meza na kubeba mota ya kuchongea, likiwa ni vyuma viwili vya mviringo vya milimita 16, vyenye urefu wa milimita 800 na kushikwa ncha tu. Kwa wiki mbili niliongeza vipande vya chuma kila mahali palipoonekana palegevu, na duara likaendelea kuwa yai, kwa sababu nilikuwa naimarisha sehemu zisizo na ugonjwa.

Hatua ya 1: Tenganisha mchezo na mpindo. Unahitaji saa ya kupimia yenye sindano inayosoma 0.01 mm, pamoja na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo. Washa mota za kuendeshea ili zishike mahali pake, lakini chomoa kabisa waya wa umeme wa mota ya kuchongea. Funga saa kwenye meza ya mashine, sindano iguse ncha ya biti (kisu kinachozunguka na kukata), kisha vuta ncha hiyo kwa kilo 5 na usome. Sasa achia taratibu. Sindano ikirudi kwenye sifuri, una mpindo, yaani chuma au mbao imejikunja na kurudi. Ikibaki njiani, una mchezo: nati ya skrubu ya kuendeshea imelika, beringi imelegea au bolti haijakaza. Maliza mchezo kwanza, maana ukiuacha vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya 2: Fuata mpindo hadi unakotoka. Endelea kuvuta ncha ya biti kwa kilo zilezile, lakini hamisha saa hatua kwa hatua kutoka kwenye biti kuelekea miguu ya daraja. Kwangu saa ilisoma 0.71 mm kwenye biti, 0.66 chini ya bamba la mhimili wa wima (unaopandisha na kushusha mota ya kuchongea), 0.48 kwenye bamba la kitoroli (kinachotembea kwenye vyuma vya daraja), 0.41 katikati ya vyuma vya daraja, na 0.06 tu pale daraja linapokutana na mguu. Toa namba moja kutoka nyingine utaona kila sehemu inachangia kiasi gani. Vyuma vile viwili peke yake vilikuwa vimekula 0.35, ilhali miguu niliyoitwisha chuma kwa wiki mbili ilichangia 0.06. Rudia zoezi hili kwa kuvuta upande wa mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, kwa kuwa majibu huwa hayafanani.

Hatua ya 3: Badilisha umbo kabla ya kuongeza uzito. Ukakamavu wa chuma cha mviringo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 16 hadi 20 unapata takriban mara 2.4, na ukipunguza urefu kwa nusu, mpindo hupungua mara 8. Hata hivyo, dawa hasa ni kuachana na vyuma vilivyoshikwa ncha tu, utumie reli zinazofungwa kwa bolti kwenye boriti kwa urefu wake wote. Kwa boriti chagua bomba la chuma la mraba. Bomba la 80 kwa 80 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa mara 3 hivi kuliko lile la 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2, lakini ukakamavu wake ni zaidi ya mara 12. Usitumie chuma chenye umbo la U, kwani biti huning'inia chini ya boriti na kila inapokata huisokota, na umbo lililo wazi halihimili msokoto.

Hatua ya 4: Nyoosha sehemu za kukalia reli. Chuma kilichochomelewa hujikunja kinapopoa. Tambaza nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe: zinapokatana zinapaswa kugusana kidogo tu, na ukibadilisha uzi wa chini uwe wa juu hali ibaki ileile. Penye pengo weka vipande vya bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu 0.1 mm.

Baada ya kazi hiyo ncha ya biti yangu inasoma 0.24 mm kwa kilo 5, na sehemu kubwa ya kilichobaki imo katika mhimili wa wima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Je, nikijaza mchanga kwenye bomba la daraja litakuwa gumu zaidi?*

Marahaba. Mchanga hupunguza mtetemo na mlio, lakini hauongezi ukakamavu, na mota zako zitaubeba uzito huo kila zinapogeuza. Ujaze kwenye fremu ya chini isiyotembea.

*Fundi, sina mashine ya kuchomelea. Naweza kubaki na plaiwudi?*

Unaweza, ndugu, mradi daraja liwe sanduku lililofungwa pande zote, lililogundishwa na kuwekewa vizuizi ndani kila baada ya milimita 150 hivi. Lipake vanishi ndani na nje, hasa kama uko pwani, maana plaiwudi ikinywa unyevu reli hazitabaki zilivyokuwa.

*Nimefuata hatua zote na bado naona mawimbi kwenye kingo.*

Tazama biti imetokeza kiasi gani. Biti ya milimita 6 iliyotokeza milimita 40 hujipinda mara 8 zaidi ya iliyotokeza 20. Irudishe ndani, kata kina cha milimita 2 badala ya 5, kisha uchonge tena duara lilelile la milimita 100 na ulipime pande zote mbili.